Vidonge vya Baba, Majani ya Bibi na Moyo wa Mtatuzoea

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mfaranyaki hapa Songea wakati mwenye pikipiki alijulikana kwa mlio wake kabla hajafika kona, mbwa hakuwa na sabuni yake. Hakuwa na kitanda, wala hakupigwa picha amevishwa kofia eti ni siku yake ya kuzaliwa. Alilala jikoni, kwenye jivu lenye uvuguvugu, na asubuhi alitoka upande mmoja mweupe na mwingine kahawia. Alikula makoko ya ugali yaliyolowekwa kwenye maji ya dagaa wa Nyasa, na Krismasi akapata mfupa ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeshaufanyia kazi ya kutosha.

Wenzangu wa umri huu mtakumbuka pia majina ya mbwa wa mitaa yetu. Mtu akikwaruzana na jirani hakwenda kumtukana. Alifuga mbwa, akampa jina, kisha kila jioni akamwita kwa sauti. Kulikuwa na Mtachoka, kulikuwa na Wivuwenu, na kwa mama mmoja aliyeuza vitumbua palikuwa na Yananihusu. Wetu aliitwa Mtatuzoea. Baba alimpa jina hilo mwezi ule ule tuliohamia, baada ya watu kunung'unika kwamba pikipiki yake inawaamsha watoto. Mama wa nyumba ya ng'ambo ya barabara naye akatafuta mbwa, akamwita Tumeshazoea, na ugomvi ukaishia hapo. Siku hizi watu wangefikishana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mtatuzoea alikuwa wangu, ingawa hakuna aliyewahi kutamka hivyo. Tukicheza rede alikaa pembeni akifuata mpira kwa shingo, kushoto, kulia, kushoto. Kwenye kombolela alikuwa balaa, maana popote nilipojificha alikuja kusimama mbele yangu akitikisa mkia, na aliyekuwa anatafuta hakuwa na kazi tena. Masuku, yale matunda ya porini, yalipoiva tulikwenda kuyaokota chini ya milima ya Matogoro, na yeye alitangulia mbele, anarudi, anatangulia tena, hivi kwamba sisi tukienda safari moja yeye alikuwa ameenda tatu. Tulirudi midomo inanata, matumbo yamejaa, na mama zetu wakitukemea kwamba tusilalamike kesho chooni. Walijua wanachosema.

Nyumbani tulikuwa watu wanne. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba alikuwa bwana mifugo, na mkoba wake ulinuka dawa ya josho hata ukiwa umefungwa. Halafu palikuwa na Bibi, mama mzazi wa Mama, aliyekuja kutoka Madaba kunilea nilipoachishwa ziwa, akasahau kurudi. Bibi alikuwa na jiko lake nyuma ya nyumba, chungu chake, na mafurushi ya majani yaliyoning'inia kwenye paa. Kila furushi alilijua kwa harufu, gizani.

Sasa hapa vijana wa leo hawatanielewa, lakini nyie mtanielewa. Katika ukoo wa Mama, mtu na mama mkwe wake hawakutazamana usoni. Hawakula pamoja, hawakupeana kitu mkono kwa mkono, na maneno yao yalipita kwa mtu wa tatu. Baba alikuwa mtu wa mkoa mwingine, kwao hayo hayakuwapo, ila alipooa alielezwa na akaishika heshima hiyo kuliko wenyewe. Pikipiki ikisikika, Bibi alijitanda kanga na kuzunguka nyuma ya jiko. Baba naye alikohoa mara mbili kabla ya kuingia uani, ili aliyetaka kupisha apishe. Baba alikaa barazani mbele, Bibi jikoni nyuma, na aliyekuwa akipita katikati na maneno ya wote wawili alikuwa mimi, Skola, mwenye umri wa miaka kumi na goti lenye kidonda kisichopona.

"Skola, mwambie bibi yako chumvi imeletwa."

"Skola, mwambie baba yako tumeshukuru."

Kwa chumvi kazi ilikuwa nyepesi. Taabu ilianza siku Baba aliporudi kazini akiwa hana hamu ya kula. Alikuwa amempasua mbwa aliyekufa ghafla, wa mfanyabiashara mmoja, akakuta ndani ya moyo minyoo mirefu, myeupe, imesokotana kama tambi kwenye sahani. Akatuambia inaletwa na mbu. Mbu anamuuma mbwa mgonjwa, anabeba vijidudu visivyoonekana kwa macho, anakwenda kumuuma mzima, na huko ndani vinakua miezi kadhaa hadi kuwa minyoo ya urefu wa kiganja. Nilimtazama Mtatuzoea aliyekuwa akijikuna mlangoni, na uji wangu ukanishinda.

Nilipompelekea Bibi habari hizo aliacha kutwanga.

"Mbu huyu huyu? Anatia mnyoo mrefu hivi kwenye moyo? Mwambie baba yako mimi nimezeeka, sijawa mtoto."

Hata hivyo hakulidharau jambo lenyewe. Bibi alimpenda mbwa yule, ingawa alimwita mlafi mbele za watu. Siku iliyofuata alichemsha majani ya mwarobaini mpaka ua mzima ukawa mchungu, akaponda vitunguu saumu, akachanganya na uji, akamnywesha Mtatuzoea kwa kijiko cha mti huku mimi nimeshika taya. Jioni alichoma kivumbasi kibichi jikoni, majani ya kufukuzia mbu, moshi ukatoka kila tundu. Kwa Bibi, dawa isiyokunja uso haikuwa dawa.

Baba naye akapata vidonge kutoka kwa mwenzake wa Dar es Salaam. Kimoja kila mwezi, masika yote na zaidi, kwa kupima uzito wa mbwa. Tulimpima kwenye mizani ya mahindi ya jirani, akatukojolea. Kidonge chenyewe kilikuwa kidogo, hakina harufu, kinamezwa ndani ya tonge la ugali bila mwenyewe kujua.

"Mwambie bibi yako," Baba akasema akiwa barazani, "vitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa. Aviweke kwenye mboga. Na mwarobaini haujawahi kumzuia mnyoo huyu."

Nilizunguka nyumba nikiyarudia maneno hayo moyoni. Nilipofika kwenye kichanja cha mahindi, mguu ulisita. Bibi yangu, ambaye alinibeba mgongoni hadi nikawa mkubwa wa kuchekwa, niende nimwambie dawa zake ni bure? Nikaingia jikoni na kusema, "Baba anasema vitunguu ni vizuri sana, ila tupunguze kidogo visije vikakosekana kwenye mboga."

Bibi alifurahi. "Ana adabu mkwe wangu. Lakini mwambie hizo pipi zake azipeleke huko ofisini wakalishane. Mbwa wangu halishwi kitu nisichokijua shina lake."

Ujumbe huo nao niupeleke vipi kwa baba yangu, aliyevisubiri vidonge vile wiki tatu? Nikarudi barazani. "Bibi anashukuru kwa vidonge. Anasema ukisafiri atampa yeye."

Jamani, nilijiona nina akili. Nyumba ilikuwa na amani mwezi mzima. Baba alimsifu mama mkwe wake kwa Mama, Bibi alimsifu mkwe wake kwa majirani, na kila mmoja alishangaa jinsi mwenzake alivyokuwa mwelewa. Mama peke yake alikuwa akiniangalia kwa jicho la pembeni, lakini alikuwa na madaftari ya watoto sitini mezani na alishasema mambo ya mbwa yasimfikie.

Kisha Baba akaanza safari za chanjo ya ng'ombe, Namtumbo, Tunduru, wiki kwa wiki. Kabla ya kuondoka alinipa kopo la vidonge. "Mpe bibi yako, kama alivyosema." Bibi, ambaye hakuwa amesema chochote, ningempaje? Nililificha kopo nyuma ya kihenge, nikajiapiza kwamba nitampa Mtatuzoea mwenyewe. Mwezi wa kwanza nilimpa. Mwezi wa pili ulikuwa na mashindano ya rede kati ya shule yetu na ya jirani. Wa tatu sikumbuki ulikuwa na nini, na hapo ndipo penye kosa lenyewe.

Bibi aliponiuliza kama aendelee kuchemsha majani, nikamjibu upesi kwamba Baba amesema apumzike, mbwa yuko mikononi mwake sasa. Akaacha majani. Kwa kuwa kivumbasi nacho kilikuwa cha mbwa, akaacha na moshi. Basi masika yale, mvua zikinyesha na mbu wakiimba hadi ndani ya masufuria, Mtatuzoea hakuwa na kidonge wala hakuwa na moshi. Alikuwa na mimi tu, mbeba maneno mwenye huruma.

Masika yakapita, na baridi ya Juni, na vumbi la kiangazi. Baba alienda na kurudi, akiuliza, "Vidonge vinatolewa?" Nami nikasema, "Ndiyo, baba." Masuku yalipoanza kuiva tena tulishika njia yetu ya Matogoro. Mtatuzoea alitangulia kama kawaida, kisha nikamkuta amekaa katikati ya njia. Alikohoa, kikohozi kikavu cha mzee. Alinitazama kama anaomba radhi. Wenzangu wakasema ni uvivu wa shibe. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kopo liko wapi.

Nililificha jambo hilo wiki nzima. Kila alipokohoa niliimba kwa sauti, ili Bibi asisikie. Watu wazima mkiwaona watoto wanaimba sana bila sababu, waulizeni.

Baba alirudi Jumamosi. Alimsikiliza mbwa kifuani, akatikisa kichwa. "Hii si minyoo ya moyo," alisema peke yake, "huyu hajakosa kidonge hata kimoja. Labda ni minyoo ya tumbo na mapafu. Nitampa dozi kubwa ya dawa hii hii, imsafishe yote kwa pamoja." Akasaga vidonge vitatu kwa kijiko, akaviringisha tonge.

Nami nilikuwa nimewahi kumsikia, kwa masikio yangu, akimkatalia jirani vidonge vile. Mbwa wa jirani yule alikuwa tayari anakohoa, na Baba alimwambia apimwe damu kwanza. Mbwa ambaye tayari ana minyoo ya moyo, alimwambia, ukimpa dawa nyingi kwa ghafla, vile vijidudu vya kwenye damu vikifa kwa pamoja vinaweza kumwangusha hapo hapo.

Tonge lilikuwa limefika puani mwa Mtatuzoea. Alishafungua mdomo, mlafi yule.

"Asimeze! Baba, asimeze! Hajapewa kidonge tangu masika!"

Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena, hata kwenye uchungu wa uzazi. Nilimrukia mbwa, tonge likaangukia mchangani, kuku wakalikimbilia na Baba akawafukuza kwa kofia. Bibi akadhani nimeumwa na nyoka. Akatoka jikoni mbio, bila kanga kichwani, mwiko mkononi, akazunguka kona ya nyumba na kusimama uso kwa uso na mkwe wake.

Karibu miaka kumi walikuwa wameishi ua mmoja. Nadhani ndiyo siku ya kwanza walipoona rangi ya macho ya kila mmoja.

"Si ulisema utampa vidonge?" Baba aliuliza.

"Mimi?" Bibi akasema. "Si wewe uliyesema niache majani?"

"Mimi?"

Kisha wote wawili wakageuka taratibu, wakanitazama.

Nilisema yote. Nilisema huku nimemkumbatia Mtatuzoea na kamasi zikimdondokea, na yeye akinilamba kana kwamba mkosaji ni mtu mwingine. Bibi alipomaliza kusikia aliketi chini, pale pale mbele ya mkwe wake, akalia. "Ningeendelea na moshi wangu," alisema. Baba alikuwa amekunja uso, nikajua fimbo inakuja. Haikuja. Alisema tu, akitazama ukuta kwa heshima, "Mama, tumempa mtoto kazi ya watu wazima." Fimbo nilikuja kuipata kwa Mama jioni, na ilikuwa halali yangu.

Baba alimtoa mbwa damu mguuni, akanichukua nyuma ya pikipiki hadi ofisini kwao, akaniinamisha kwenye darubini. Niliona vijitu vyembamba vinacheza kati ya chembe za damu. Aliniambia, bila ukali, "Hao wameingia masika yale." Sijawahi kuusahau mchezo ule.

Ugonjwa ule kuutibu ni kazi mara kumi ya kuuzuia. Dawa ya sindano ya kuua minyoo wakubwa haikupatikana kwetu. Baba akaamua kwenda polepole: dozi ndogo, kwa miezi mingi, huku akimwangalia mbwa kila siku. Na mbwa asikimbie hata hatua, maana mnyoo anayekufa akisukumwa na damu ya mbio anaziba mapafu. Nani angemzuia Mtatuzoea asikimbie? Bibi. Alimfunga kamba kiunoni, upande wa pili akaufunga kwenye kigoda chake, akakaa naye barazani miezi ile yote akichambua maharage na kumsimulia habari za Madaba.

Sasa sikilizeni kilichonifurahisha. Heshima ya ukwe ilirudi siku ya pili yake, lakini mimi nilikuwa nimefukuzwa kazi. Hawakuniamini tena hata kwa chumvi. Wakaanza kuongea kwa kumpitia mbwa. Baba alisimama upande wa pili wa nguzo, amempa Bibi mgongo, akasema, "Mtatuzoea, kesho ni siku ya kidonge." Bibi naye, akitazama maharage, "Mtatuzoea, mwambie mwenye vidonge kwamba usiku ulikohoa mara mbili tu." Mbwa alitazama huku, akatazama kule, kama anafuata rede. Hakupunguza neno wala kuongeza.

Kupitia kwake walimalizana kila kitu. Vitunguu saumu vilihamia kwenye chungu cha mboga moja kwa moja. Mwarobaini Bibi aliubakiza kwa ajili yake mwenyewe. Kivumbasi Baba aliomba kirudi, kwamba moshi haumzuii mnyoo lakini mbu wakipungua ni afadhali kwa watu na mbwa, ili mradi kidonge kisikosekane. Halafu Bibi akasema, "Mtatuzoea, kuna tairi la pikipiki nyuma ya choo lina maji tangu mwaka juzi, limejaa viluwiluwi vya mbu. Sijui ni la nani." Baba alilibeba mwenyewe hadi shimoni, na kicheko cha Bibi kilimsindikiza njia nzima.

Mtatuzoea alipona nusu. Alirudi kwenye rede, akiwa mtazamaji. Alitusindikiza Matogoro hadi mahali njia inapoanza kupanda, akaketi hapo kutungoja, na hakuna siku tuliyompita bila kumwachia suku moja lililoiva. Aliishi miaka mingine mitano. Siku alipokufa Baba na Bibi walichimba shimo pamoja, kila mmoja na jembe lake, wamepeana migongo.

Leo Bibi hayupo, Baba hayupo. Mimi bado niko hapa hapa Songea, na binti yangu anafuga mbwa anayeitwa Roki, mwenye shampuu ya nazi. Juzi ameniletea simu nione: siki ya tufaha, kitunguu saumu, mafuta ya sijui nini, eti vinazuia minyoo ya moyo kwa njia ya asili. "Mama, vidonge ni kemikali." Mtoto aliyesoma hadi chuo, ambaye hajui kuuwasha moto wa kuni, ananifundisha mimi asili! Nilimsimulia habari hii yote, na chai ikapoa. Alimpeleka Roki kwa daktari wa mifugo, akapimwa damu, akaonekana mzima, akaandikiwa kidonge cha kila mwezi. Kivumbasi nilimpa mimi, akakipanda dirishani. Anasema kinapendeza kwenye picha.

Mkwe wangu, mume wa huyo binti, huja hapa akakaa nami kwenye kochi moja, akanisalimu "Mama, mambo?" badala ya shikamoo, akachukua paja la kuku kwenye sahani yangu akicheka. Nami hucheka. Nampenda. Wakitofautiana na mke wake husema pale pale, mbele yangu, kila neno lilivyo, hata masikio yangu yanaona haya. Na wakishamaliza, wameelewana, na Roki amepewa kidonge chake.

Nimeyapima sana haya mawili. Naukumbuka ua ule wa Mfaranyaki hadi machozi: kikohozi cha Baba kwenye kona, kanga ya Bibi ikipotea nyuma ya jiko, watu wawili walioheshimiana kiasi cha kutotazamana. Ningepewa nafasi ya kurudi, ningerudi leo bila kuaga. Lakini Mtatuzoea nisingemchukua huko. Yeye ningetamani angezaliwa leo, kwenye nyumba hii ya watu wasio na haya, akapanda nami Matogoro hadi juu.